Mbio za Imani na Goti Lililoumia



Mhubiri akisimama mimbarini hapa kwetu Hanang, au kwa majirani zetu wa Mbulu, na akitaka watu wamsikilize, hutaja mbio. Hana haja ya kueleza mengi, maana hii ni nchi ya wakimbiaji. Ni huku kwetu alikotoka Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alizaliwa Karatu, wakati ule ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu. Kila ukoo una mtu aliyewahi kukimbia walau ngazi ya wilaya, na kila shule ina mtoto ambaye wenzake husema huyu akipata viatu atafika mbali. Kwa hiyo tunasikia mara nyingi habari za taji na tuzo. Tunaitikia amina, tunakwenda nyumbani.

Mimi nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa michezo, nikiwaandaa watoto kwa ajili ya UMITASHUMTA. Sasa nimestaafu, nalima mahindi na mbaazi hapa Gendabi, na ninatumika kama mzee wa kanisa. Katika makala hii nataka kusema juu ya jambo ambalo mahubiri ya mbio hulipita haraka, nalo ni goti la mkimbiaji aliyeanguka. Tangu Desemba 2023 jambo hili haliniachi, na nadhani haliwaachi wengi wa kwetu.

Kwanza tuangalie Maandiko. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho sura ya 9 ya waraka wa kwanza, alitumia mfano walioujua vizuri. Karibu na mji wao, pale Isthmia, yalifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa shada la majani ya msonobari. Majani yale hayakuchukua muda kunyauka. Paulo akawaambia kwamba wakimbiaji wale hujinyima kwa ajili ya kitu kinachonyauka, sembuse sisi tunaotazamia kisichonyauka.

Lakini tumwone Paulo huyohuyo mwishoni mwa maisha yake, katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4. Yuko kifungoni, anajua kwamba kufa kwake kumekaribia, marafiki wengine wamemwacha, na anaomba aletewe joho lake. Hapo anazitaja mbio tena. Wala hajisifu kwamba amewapita wenzake au kwamba ametangulia. Anachosema ni kwamba amezimaliza, na imani anayo bado. Halafu anasema taji ile si yake peke yake. Katika uwanja wa michezo taji ni moja na wengine wote wanarudi mikono mitupu. Katika mbio hizi, kila afikaye anavikwa.

Ndiyo maana mwanariadha ninayempenda kuliko wote aliowatoa nchi hii ni yule aliyefika wa mwisho. Namsema John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, aliyezaliwa mwaka 1938. Wengi mnaijua habari yake, ila tuipitie polepole.

Tarehe 20 Oktoba 1968 wanaume 75 walianza marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico. Jiji lile liko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Akhwari hakuwa mkimbiaji dhaifu wa kuokotwa tu. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya 5. Lakini siku ile misuli ilimkaza, na alipofika karibu kilomita ya 19, wakimbiaji waliposongana wakigombea nafasi, alianguka. Goti likachanika na kuteguka, bega likagonga lami. Mbele yake zilibaki kilomita 23.

Watu wa huduma ya kwanza walimfunga bendeji. Akainuka akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zikatolewa, jua likazama, watazamaji wengi wakaondoka. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Wachache waliokuwa wamebaki wakasimama wakampigia makofi. Kati ya wale 75, waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize.

Jibu lile limehubiriwa dunia nzima. Mimi mwenyewe nililiandika ubaoni mara nyingi mbele ya watoto. Lakini naomba tusilitumie vibaya, tukamfanya kila anayesimama njiani aonekane mwoga. Katika mbio hizohizo alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 kule Roma akiwa pekupeku, na tena mwaka 1964 kule Tokyo. Siku ile ya Mexico alikuwa na jeraha mguuni, akatoka kabla hajafika nusu ya njia. Nani atasema Bikila hakuwa na moyo? Mwaka uliofuata alipata ajali ya gari, akapooza miguu, na bado alishiriki michezo ya kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mtu akisimama, hatujui yaliyo ndani ya mguu wake. Hilo nalijua kwa watoto niliowafundisha, na nimelijua zaidi kwa mdogo wangu.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Asubuhi ile sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope likashuka na mawe na magogo, likapita Katesh na vijiji vya jirani, pamoja na hapa Gendabi. Mlima ule una mita 3,417. Tulizaliwa tukiutazama, ndio unaotuletea maji na mvua, na hakuna aliyewahi kuuogopa. Zaidi ya watu 80 walikufa. Watu waliokuwa wanajiandaa kwenda kuwasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, jioni walikuwa wanatafutana kwenye matope.

Mdogo wangu, tuliyezaliwa tumbo moja, alimpoteza mke wake na mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa na miaka 6. Yeye alipona kwa sababu alikuwa ametoka kwenda kuwafungulia ng'ombe. Shemeji yangu tulimpata siku ileile, mtoto tulimpata siku ya tatu.

Mdogo wangu alikuwa mwanakwaya kwa miaka zaidi ya 20, sauti ya nne, sauti ambayo wageni waligeuka kumtazama mwenyewe. Baada ya mazishi hakuja tena ibadani. Jumapili ya kwanza tulielewa, na ya pili pia. Ilipofika Pasaka watu walianza kuniuliza. Wengine walikwenda kwake, na kwa nia njema kabisa wakamwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba avumilie kama Ayubu, kwamba Shetani asimpe nafasi. Aliwakaribisha, akawapa viti, akanyamaza. Siku moja aliniambia, "Kaka, mimi sijamkana Mungu. Ila sina la kumwambia."

Nilikaa na neno hilo. Sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu la kwa nini mtoto yule. Lakini usiku mmoja nilikuwa nasoma sura ya 12 ya Waebrania, sura ambayo sisi watu wa michezo tunaipenda kwa sababu inaanza na mbio, mzigo wa kuweka kando, na mashahidi waliotuzunguka kama wingu. Kwa kawaida tunasoma aya mbili za mwanzo, tunafunga kitabu. Usiku ule niliendelea. Nikafika aya ya 12 na ya 13, nikasimama. Mwandishi bado yuko kwenye mbio, lakini sasa anataja mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, na anaagiza njia isawazishwe, ili mguu ulio kiwete usizidi kuharibika, bali upone.

Nilisoma mara ya pili, nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona miaka yote. Agizo lile halipewi mwenye goti bovu. Linapewa kanisa. Haambiwi kiwete, "Jikaze." Wanaambiwa wenzake, "Sawazisheni njia." Mbele kidogo wanaambiwa waangalie mtu yeyote asiikose neema ya Mungu. Uvumilivu ambao tulikuwa tunamdai mdogo wangu peke yake, Neno lilikuwa linatudai sisi sote.

Mwalimu wa michezo analielewa hili haraka. Mtoto akianguka kwenye mbio za nyika, kusimama kwenye mstari wa mwisho na kumpigia kelele hakumsaidii. Kabla ya mashindano unapita njia yote ukiondoa mawe na miiba, unafukia mashimo ya panya, unaweka mtu kwenye kona ili watoto wasipotee. Watoto wetu wengi hukimbia pekupeku. Kazi kubwa ya mwalimu inafanyika kabla filimbi haijapigwa, na hakuna anayeipigia makofi.

Na hapa mfano wa riadha unafika mwisho wake, maana ufalme wa Mungu una kanuni nyingine. Katika Olimpiki ya London mwaka 1908, Dorando Pietri wa Italia aliingia uwanjani wa kwanza katika marathoni, lakini alikuwa amechoka hata akapotea njia na kuanguka mara kadhaa. Waamuzi walimwinua, wakamsaidia mpaka akavuka mstari. Kisha akanyang'anywa ushindi, kwa sababu kanuni haziruhusu mtu kusaidiwa. Katika riadha hiyo ni haki. Lakini Bwana wetu mwenyewe, akiwa njiani kwenda Golgotha, alibebewa msalaba na Simoni Mkirene, na hakuna malaika aliyeshuka kusema kwamba safari ile imebatilika. Kama Mwana wa Mungu alisaidiwa mzigo, ni nani kati yetu ataona aibu kusaidiwa? Na ni nani atamwambia mwenzake kwamba imani ya kubebwa si imani?

Katika kikao cha wazee lilikuja suala la kwaya. Nafasi ya sauti ya nne ilikuwa wazi na sherehe zilikuwa zinakaribia. Tulizungumza kwa upole, tukaomba, tukakubaliana mambo machache. Joho lake libaki palepale kwenye msumari wake, asipewe mtu mwingine. Asipelekewe ujumbe wa kumkumbusha ibada, maana kengele anaisikia. Na jumuiya ya mtaa wake, badala ya kumwita aje kwenye sala, isogeze sala karibu naye.

Akina mama wa jumuiya waligawana siku za kumpelekea chakula yeye na watoto wake wawili wakubwa. Wala hawakuwa wanakaa kuhubiri. Waliweka sufuria, wakafua, wakachota maji, wakaaga. Msimu ulipofika, vijana walimlimia shamba bila kumuuliza, wakapanda mahindi kwa mistari kama alivyokuwa anapenda mwenyewe. Mzee mmoja wa kwetu, ambaye naye alizika watoto wawili zamani kwa surua, alikuwa anakwenda kwake kila Jumamosi jioni. Wanakaa nje, wanatazama ng'ombe wakirudi. Nilimuuliza mzee huyo wanazungumza nini. Akasema, "Hatuzungumzi. Namsindikiza."

Nataka kuwaambia ukweli, wapendwa, kwamba kazi hii inachosha. Misaada mikubwa ilikuja mwanzoni, magari kwa magari, na tunamshukuru Mungu kwa kila aliyetoa. Serikali ilijenga nyumba mpya eneo la Waret kwa waliopoteza makazi. Lakini huzuni haiishi pale magari yanapoondoka. Mwezi wa nne, wa sita, wa tisa, sufuria ile bado ilitakiwa kubebwa kupanda kilima. Hapo ndipo nilipowakumbuka wale watazamaji wachache wa Mexico. Jua limezama, medali zimeshatolewa, hakuna wa kumlaumu anayekwenda nyumbani. Wao wakabaki, ingawa hawakujua kama kuna mtu anakuja. Sote tunamsifu Akhwari, nami namsifu, lakini je, makofi yale yangetoka wapi kama kila mtu angeshika njia? Usharika ni watu wanaobaki uwanjani baada ya jua kuzama.

Mwezi Novemba 2024, Jumamosi kabla ya Majilio kuanza, tulikuwa tunapanga mabenchi kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Mdogo wangu alitokea, hakusema neno, akashika upande mmoja wa benchi, mimi nikashika upande wa pili. Tulibeba mabenchi yote. Kesho yake alikuja ibadani, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Tangu siku hiyo anakuja, si kila Jumapili, lakini anakuja. Haimbi bado. Tunapofika kwenye wimbo yeye husimama na wengine, kitabu kimefunguliwa, midomo imefungwa. Joho bado liko msumarini. Huenda siku moja atalivaa, huenda hatalivaa tena. Sisi hatukulihifadhi kwa masharti.

Mwaka 2025, tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, naye alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kilomita 42. Kijijini watu walifurahi sana, simu zikapita mkono kwa mkono, kila mmoja anataka kuona kifua cha Simbu kikigusa utepe. Nilimwonyesha mdogo wangu. Alitazama mara mbili, akatabasamu. Kisha akaniuliza, "Na yule wa mwisho, alifika?" Nilimwambia sijui, simu haikuonyesha. Akatikisa kichwa, akasema, "Wangeonyesha."

Ndugu yangu unayesoma, pengine wewe unakimbia vizuri leo. Mshukuru Mungu, na uangalie kama kuna jiwe katika njia ya anayekufuata, uliondoe. Usimpime mwenzako kwa kasi yake. Hujui ameanguka kilomita ya ngapi na goti lake likoje.

Na kama wewe ndiye uliyeanguka, kama umezika, umefiwa, umeachwa, umeugua muda mrefu, na maneno ya sala yamekuishia, sikuambii ujikaze. Nakuambia umefungwa bendeji na mikono iliyotobolewa, na kwamba kutembea kwa kuchechemea nako ni kuendelea. Waebrania wanatuelekeza tumtazame Yesu, aliyeustahimili msalaba. Yeye alipita njia hii kabla yetu, akaanguka chini ya mzigo wake, akafika. Sasa yuko mwisho wa njia. Medali zikishatolewa na jua likishazama, yeye hataondoka. Atabaki pale mpaka wa mwisho wetu aingie.

Bwana atupe sote saburi ya kukimbia, na saburi ya kungojana. Amina.